Buyenzi Inasimuliwa na Wenyewe

Anayetaka kuiona historia ya Burundi ikiwa imewekwa ndani ya jengo huenda Gitega, kwenye Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Bujumbura nako kuna Musée Vivant, yenye mamba, nyoka na nyumba ya jadi ya Kirundi. Juu ya kilima cha Vugizo limejengwa kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, na ukishika njia ya kusini hadi Mugere utalikuta jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 25, 1871. Buyenzi haina jengo wala jiwe. Ni mmoja wa mitaa mikongwe kabisa ya Bujumbura, lakini historia yake imekaa vikaoni: kwenye vibaraza baada ya sala ya alasiri, kwenye mikeka ya hitma, kwenye shughuli za harusi, na pale wakazi wa zamani wanapokutana makusudi ili wakumbushane.

Vikao hivi vina taratibu zake. Mtu akifika, kabla hajaketi, huulizwa ni mtoto wa nani na kwao ni avenyu ya ngapi. Buyenzi ilikatwa kwa avenyu zilizonyooka, zikapewa namba badala ya majina, na namba hizo ndizo anwani, ndizo timu za utotoni, ndizo ukoo wa pili wa mtu. Jina la baba likishatajwa pamoja na namba ya avenyu, mzee mmoja ataikumbuka nyumba, mwingine ataukumbuka mti uliokuwa mbele yake, wa tatu ataikumbuka kazi ya babu: dereva wa lori, fundi cherehani, mvuvi, muuza ndagala, askari aliyestaafu. Kahawa inamiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, chungu, tangawizi imekolea. Anayemimina hana haraka, maana anajua kwamba kikombe cha pili ndicho kinachofungua vinywa.

Kina mama hukaa upande wao, na mara nyingi wao ndio wanaosahihisha tarehe. Mwanamume atasema jambo fulani lilitokea zama za Wabelgiji, akaridhika. Bibi mmoja kwenye mkeka wa pili hataridhika. Atataka kujua kama ilikuwa kabla ya mfungo au baada yake, kabla binti wa jirani hajaolewa au alipokwisha kuolewa, na alipojifungua alijifungulia nyumbani au hospitali ya Prince Régent Charles. Kwa maswali matatu kama hayo mwaka hupatikana.

Nimeuita mtaa huu taasisi katika mazungumzo na baadhi ya wenzangu wakashangaa, kwa kuwa wamezoea kuuona kama mahali pa kutengenezea gari na kununulia vipuri. Lakini Buyenzi ilizaliwa kisheria. Wabelgiji walikuwa na utaratibu waliouanza Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1930, wa kuwatenga Waafrika wa mijini katika maeneo yaliyo nje ya mamlaka ya machifu wa jadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 utaratibu huo ulifika Usumbura, kama jiji lilivyoitwa wakati huo, ukazishika Buyenzi na jirani yake Bwiza. Eneo la namna hiyo lilikuwa na chifu wake, baraza lake, mahakama yake, daftari lake la wakazi na kodi yake. Mtu aliyeandikwa humo hakuhesabiwa tena kuwa wa chifu wa milimani wala wa mwami, yaani mfalme. Kwa serikali alikuwa mtu aliyetoka nje ya mila, na maneno hayo ndiyo yaliyotumika katika sheria yenyewe.

Watu hao walitoka wapi? Hapa kila familia ina jibu lake, na majibu yote ni ya kweli. Kabla ya Mzungu yeyote kujenga, pwani hii ya kaskazini-mashariki ya Tanganyika iliitwa Uzige, na mitumbwi ya wafanyabiashara wa Ujiji ilikuwa ikipanda na kushuka. Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, alijaribu kupenya kwa nguvu akazuiwa na watu wa Mwami Mwezi Gisabo. Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kambi ya kijeshi Usumbura, na kambi ilivuta watu: askari waliotoka pande zote za himaya yao, wapagazi, wapishi, wakalimani, wanawake waliofuata waume au waliokuja kufanya biashara zao. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili. Wabelgiji walipoiteka Usumbura mwaka 1916 walileta askari wao kutoka Kongo, na wengi wa hao nao walizungumza Kiswahili. Kwa hiyo Buyenzi ina wajukuu wa Wamanyema, wa Wabembe, wa watu wa Uvira, Ujiji na Tabora, wa Wanyarwanda, na wa Warundi wenyewe walioteremka kutoka milimani wakasilimu, wakachukua jina jipya na kufungua duka dogo. Hawa wa mwisho husahaulika sana. Wanaposimulia babu zao walivyoshuka, unatambua kwamba Uswahili wa Buyenzi haukuja wote kwa mtumbwi.

Wabelgiji waliwaona watu hawa kama tatizo. Walikuwa Waislamu katika nchi iliyokuwa ikikabidhiwa kwa mapadri, walijua kusoma barua zilizotoka Tabora na Dar es Salaam, na hawakuwa na chifu wa kuwaamrisha kurudi shambani. Mpango wa jiji ulieleza mtazamo huo bila maneno: Wazungu mahali pao, Waasia na Waarabu wafanyabiashara katikati, Waafrika pembeni. Miaka ya 1950 shirika la serikali la kujenga makazi ya Waafrika, OCAF, lililoundwa mwaka 1952, lilijenga nyumba za kudumu na kuziuza kwa mkopo upande wa Ngagara, na mpaka leo wazee wanaiita Ngagara kwa jina hilo la Ocaf. Makarani na waliosoma misheni wakahamia huko. Buyenzi ikabaki na nyumba zake za uani: chumba cha mbele cha kupokea wageni, ukumbi mwembamba, na nyuma uwanja wenye jiko, kisima au bomba, na vyumba vya wapangaji. Kila ninapozitazama nyumba hizi naona zilijengwa na watu wenye hakika ya kukaa.

Katika vikao vyote nilivyosikia, hakuna jambo linalobadilisha sauti ya kina mama kama kodi ya wanawake. Vijana wengi hawajawahi kuisikia, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Katika maeneo haya ya mjini, mwanamume mzima alilipa kodi ya kichwa. Mwanamke aliyeolewa hakulipa, kwa kuwa alihesabiwa chini ya mumewe. Ila mwanamke ambaye kwenye daftari alionekana anaishi peke yake alitozwa kodi yake binafsi. Kwa serikali, mwanamke wa mjini asiye na mume alikuwa malaya, au anaelekea kuwa malaya, na kodi ilikuwa njia ya kumwadabisha na papo hapo kujaza hazina. Mwaka 1950 Wabelgiji wakatoa na amri dhidi ya ndoa za mitala. Mke wa pili, aliyeolewa kwa mahari, kwa walii na kwa mashahidi, hakutambuliwa tena na daftari la mjini. Akawa, kwa karatasi ya serikali, mwanamke asiye na mume. Na asiye na mume analipa.

Hebu tuwatazame walioangukia humo. Mjane wa miaka sitini aliyelea yatima. Mwanamke aliyeachwa, aliyekuwa akijilisha kwa kukaanga maandazi alfajiri. Mke wa pili wa shehe. Wote waliwekwa kwenye orodha moja na kupewa jina moja, na jina hilo lilikuwa tusi. Wanawake wa Buyenzi walikataa. Walikataa kulipa na walipiga kelele mpaka kelele hizo zikaingia kwenye majalada ya wakoloni. Mwanahistoria Mmarekani Nancy Rose Hunt aliandika kuhusu mkasa huo mwaka 1991, na kwa makala yake wasomi wa nchi za mbali waliwajua bibi zetu kabla ya wajukuu wao wa damu. Fedha yenyewe haikuwa kiini cha ugomvi. Waliposimama mbele ya karani walikuwa wanatetea haki ya kuitwa wajane, watalaka na wake za watu.

Nalitaja hili mbele ya mengine kwa sababu historia ya uhuru wa Burundi inasimuliwa kwa majina ya wanaume waliokwenda shule. Hawa hawakwenda shule. Walipambana na sheria ya kikoloni wakiwa wamejitanda khanga, miaka kadhaa kabla ya vyama vya siasa kupata usajili.

Wabelgiji walikuwa na njia nyingine laini ya kumfikia mwanamke wa mjini, nayo ilikuwa Foyer Social, kituo cha mafunzo ya nyumbani kilichoendeshwa Usumbura kuanzia mwaka 1946 hadi 1960. Humo walimu wa kike wa Kibelgiji walifundisha kushona, kutia viraka, kupiga pasi, kupika na kulea mtoto, kisha wakatembelea nyumba kukagua kama mafunzo yanafuatwa. Lengo lao lilikuwa kumtengeneza mke anayemfaa karani. Hunt ameandika pia juu ya kituo hiki. Kumbukumbu zake zimegawanyika. Wapo wanaokumbuka kukaguliwa nyumba kama fedheha, mgeni anaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi moyoni mwa mwenye nyumba. Wapo pia waliopata humo ujuzi wa cherehani uliokuja kuwasomeshea watoto wakati waume hawapo tena. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja. Mwanamke aliyefundishwa kushona ili atulie nyumbani akatumia cherehani hiyo hiyo kujitegemea, na hilo ni lake.

Shule ndiyo iliyokuwa mlango mzito zaidi. Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alijua kwamba mtoto akiingia huko atatakiwa kubatizwa au atarudi nyumbani na jina jingine. Wengi hawakupeleka. Hali ilianza kulegea baada ya mwaka 1954, Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni huko Brussels na kuanzisha shule za serikali zisizo za dini, ila kwa kizazi kizima ilikuwa imechelewa. Watoto wa Buyenzi walikwenda chuoni kwa mwalimu kusoma Kurani asubuhi, na mchana wakakaa miguuni pa fundi.

Ndiyo maana leo gari likiharibika Bujumbura mtu husema lipelekwe Buyenzi. Ukipita avenyu mojawapo asubuhi utaona kazi hiyo ilivyo. Toyota Probox ya teksi imeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya magogo. Fundi yuko chini, miguu peke yake inaonekana, na pembeni kijana wa miaka kumi na minne hivi ametandaza kartoni na juu yake amepanga kila kitu kinachotoka: bolti kwa saizi, washa, springi, kila safu kwa mpangilio wa kutoka ili irudi kwa mpangilio huo huo. Haulizi jina la kifaa. Fundi akinyoosha mkono, spana namba kumi na saba inatua kiganjani kabla hajatamka. Hakuna kitabu. Majina ya vifaa ni ya Kifaransa yaliyokwisha kulainishwa na ndimi za Kiswahili, bei zinatajwa kwa Kirundi kama mteja ametoka milimani, na matusi ya kirafiki ni ya Kiswahili kitupu. Mafundi wa namna hiyo wamefundishana kwa vizazi, na watu waliofungiwa darasa walijijengea lao barabarani. Nasema hivi kwa heshima yote: shule ya ufundi ya jiji hili ni avenyu za Buyenzi.

Mazungumzo yakifika kwa Rwagasore, wazee hukaa wima. Mwanamfalme huyo, mtoto wa Mwami Mwambutsa, alizaliwa mwaka 1932, akasoma Ubelgiji, akarejea mwaka 1956. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na wenye biashara ndogo wa mitaa ya Waswahili walikuwa miongoni mwa waliomkimbilia mapema. Hao walikuwa na kitu alichokihitaji: walijua njia, walikuwa na malori na ndugu Kigoma na Uvira, hawakuwa na chifu wa kuwanyamazisha. Ushirika ulianguka kwa uhaba wa mtaji na kwa kubanwa na serikali, lakini urafiki haukuanguka. Chama chake cha UPRONA kilipojengeka, Buyenzi ilikuwa ngome yake. Septemba 18, 1961 chama hicho kilipata viti 58 kati ya 64, na Oktoba 13, wiki chache tu tangu awe Waziri Mkuu, Rwagasore alipigwa risasi katika hoteli ya Tanganyika kando ya ziwa akafa.

Mtu aliyekuwa na miaka kumi na mitano usiku ule sasa anakaribia themanini. Anakumbuka habari ilivyopita avenyu kwa avenyu, anakumbuka milango ikifungwa na kufunguliwa tena. Kwa watu ambao sheria iliwaandika kuwa nje ya mila za nchi, Rwagasore alikuwa mwana wa mwami aliyekaa nao mkekani. Usumbura ikawa Bujumbura, uhuru ukaja Julai 1, 1962, na wakazi wa Buyenzi wakawa raia katika jamhuri iliyofuata baadaye, ingawa jina la Mswahili liliendelea kutumiwa na wengine kumaanisha mjanja asiyeaminika. Wazee hawalifichi jeraha hilo. Wapo waliorudishwa kwenye foleni za ofisi kwa sababu ya jina la Juma au Mwajuma, wakaambiwa waende wakathibitishe Urundi wao.

Yaliyofuata vikao huyapita haraka, na mimi nitayapita haraka vilevile, kwa kuwa si ya kusimuliwa kwa niaba ya waliofiwa. Mauaji ya mwaka 1972, ambayo Burundi inayaita Ikiza, yalichukua watu katika kila pembe ya nchi, na wengine walikimbilia Tanzania wasirudi kwa miongo kadhaa. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vikaanza. Mitaa ya Bujumbura ikagawanyika kwa kabila: Kamenge na Kinama upande mmoja, Ngagara, Nyakabiga na Musaga upande mwingine. Buyenzi ilibaki mchanganyiko.

Hapa ninaomba usahihi, kwa sababu sifa iliyotiwa chumvi haimsaidii mtu. Buyenzi haikuokoka na umwagaji damu. Machi 1995 mauaji yaliingia Bwiza na Buyenzi, na watu wengi wakavuka mpaka kwenda Uvira. Tofauti ni kwamba mtaa haukugeuka kuwa wa kabila moja. Majirani walifichana uani, misikiti ilipokea waliokimbia, na soko liliendelea kumuuzia yeyote aliyekuja na hela. Watafiti na waandishi wa habari waliofika wakati huo waliliandika jambo hilo, na wakazi wana maelezo yake. Wengine wanasema ni dini. Wengine wanasema ni damu zilizokwisha kuchanganyika mno, kiasi kwamba nyumba moja ingebidi ijigawe yenyewe. Bibi mmoja anasema ni uani: mkishatumia bomba moja na jiko moja miaka thelathini, mtu wa nje hawezi kuja kukufundisha jirani yako ni nani. Mimi naiamini zaidi hoja ya bibi huyo, kwa kuwa inaeleza kwa nini mitaa mingine yenye misikiti ilivunjika na huu haukuvunjika.

Januari 27, 2013, Jumapili asubuhi, Soko Kuu la Bujumbura liliwaka moto. Magari ya zimamoto hayakutosha, Rwanda ikaleta helikopta kusaidia, na jioni mali za wafanyabiashara wengi, walionunua kwa mkopo wa benki, zilikuwa majivu. Soko lile lilikuwa nyumba ya pili ya Buyenzi. Watu wa mtaa huu waliuza humo vitenge, viatu, redio, viungo, mitumba. Baada ya moto biashara ilitawanyika: wengine soko la Kotebu huko Ngagara, wengine soko la kwa Siyoni, na wengine wengi wakarudi nyumbani, kwenye soko la Ruvumera lililo ndani ya Buyenzi. Ruvumera ikafurika mpaka avenyu za jirani zikawa soko. Wazee wanalalamika kwamba baraza zao zimekuwa meza za nguo na hakuna pa kukaa alasiri. Malalamiko yao yana haki. Baraza likipotea, kikao kinapotea, na kikao ndicho jengo pekee la kumbukumbu ambalo mtaa huu umekuwa nalo.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Kitabu kipana kuliko vyote kuhusu Waislamu wa Usumbura, kuanzia mwaka 1897 hadi 1962, ni tasnifu ambayo Geert Castryck aliiwasilisha Chuo Kikuu cha Ghent, nayo imeandikwa kwa Kiholanzi. Ni kazi kubwa, na mwandishi wake anastahili shukrani. Lakini watu anaowaeleza hawawezi kuisoma. Majalada ya utawala wa Kibelgiji, yenye barua za machifu wa mitaa, ripoti za polisi na orodha za walipa kodi, yako Brussels. Dunia imeijua Bujumbura kupitia riwaya ya Gaël Faye ya mwaka 2016, Petit Pays, na mtaa wa humo ni Kinanira, wenye miembe na bustani. Sauti ya Khadja Nin, aliyezaliwa Usumbura mwaka 1959, ilikibeba Kiswahili chetu hadi majukwaa ya Ulaya kwa albamu yake ya mwaka 1996, Sambolera. Buyenzi yenyewe haijapata kitabu kwa lugha yake.

Tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimeingia madarasani, na wale waliodharauliwa kwa lugha hiyo wanaombwa sasa na majirani wawafundishie watoto. Nafasi hii isipite. Vijana wa mtaa wameanza kuja vikaoni na simu, wakirekodi. Wanachofanya ni kizuri, na kitakuwa kizuri zaidi kikifanywa kwa utaratibu. Wazee wenyewe wana mapendekezo, nami nayaweka hapa kama nilivyoyapata.

Kwanza waulizwe kina mama, tena peke yao, bila waume wala watoto wa kiume kukaa mbele na kumalizia sentensi. Waulizwe nani alilipa kodi ya wanawake na nani alikataa, karani alikuwa nani, walikwenda kulalamika wapi. Walioshuhudia wakiwa watu wazima wamebaki wachache sana. Kisha irekodiwe avenyu moja baada ya nyingine, kuanzia upande wa mto Ntahangwa, nyumba kwa nyumba: aliyejenga, alikotoka, kazi yake, wapangaji wake, watoto wamekwenda wapi. Picha za harusi zipigwe picha upya na majina yaandikwe nyuma, kwa kuwa karibu kila nyumba ina picha yenye watu kumi na hakuna anayewajua zaidi ya wanne. Mafundi waeleze walifundishwa na nani, na huyo alifundishwa na nani, mpaka mnyororo uishe. Vitu vya karatasi, yaani stakabadhi za kodi, vitambulisho vya zamani, barua kutoka Ujiji, visitolewe nyumbani. Vipigwe picha mezani mbele ya mwenyewe na kurudishwa sandukuni.

Na wazee wakibishana, mabishano yarekodiwe yote. Wapo wasiokubaliana mpaka leo kuhusu msikiti upi ulitangulia, kambi ya kwanza ilikaa umbali gani kutoka ziwani, na ni familia zipi zilikuwapo kabla avenyu hazijapewa namba. Kila upande una mashahidi wake, kila shahidi ana jina na namba ya avenyu, na kazi ya kijana mwenye simu ni kuacha mashine iendelee kusikiliza hadi wote wamalize.